Namba Tuliyoitupa

Mdogo wangu mpendwa, Maji,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu na wale watoto wawili wasiojua kukaa kitako. Sisi huku hatujambo. Mama bado yuko nami. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo haujambo kabisa. Juzi alimgombeza fundi bomba mpaka mtu wa watu akaondoka na kusahau spana yake sebuleni. Mimi nami naendelea na kazi, na kazi haijanishinda, ingawa nina jambo zito la kukueleza. Nitalifikia kwa mwendo wangu, kwa hiyo usiniharakishe kama unavyowaharakisha abiria wako.

Mama ameniambia kwamba umepewa basi la usiku, na kwamba unaanza mwezi ujao. Anasema ulimpigia simu ukiwa unacheka peke yako. Ninajua umelisubiri basi hilo kwa muda gani. Ninajua pia kwa nini wamekupa wewe: kwa sababu katika madereva wote wa kampuni yenu, wewe ndiye usiyenusa hata kizibo cha chupa, na hata jina la Maji wamekupa kwa kuwa kila kituo wenzako wakiagiza hiki na kile, wewe unaagiza maji. Ningependa kukupa hongera yako moja kwa moja, bila kuikata katikati. Lakini nina ombi, na naliweka hapa juu ili usiseme hukuliona. Usilipande basi hilo kabla hujaimaliza barua hii, na ukishaimaliza, usilipande mpaka ufanye nitakachokuambia mwishoni. Isome ukiwa nyumbani, mchana, umekaa.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga. Nilianza kusema, ukaniambia, dada, nipo njiani, nyuma yangu kuna mtoto analia na mbele kuna lori. Nilipiga tena jioni, ukanitania kwamba walimu hawawezi kusema jambo bila utangulizi. Basi nimekata shauri nikuandikie, nimpe dereva mwenzako wa zamu ya mchana akukabidhi mkononi. Karatasi huwezi kuikatiza.

Nianze na darasa langu, kwa sababu huko ndiko mambo yalikoanzia.

Unajua kazi yangu, ingawa kila mara unawaambia watu kwamba dada yako anafundisha kompyuta, na mimi kila mara nakasirika. Nafundisha biolojia, mwaka wa kwanza. Miaka yote tulifundisha kama tulivyofundishwa sisi: mwanafunzi anachora seli, anaandika majina ya sehemu zake pembeni, anakariri, anafanya mtihani, anasahau. Mwaka huu nikasema imetosha. Niliomba wanafunzi wapya wajifunze kwa kupima, kuhesabu na kuandika programu zao wenyewe. Kama tunasema bakteria huzaana kwa kugawanyika, basi mwanafunzi aiandikie kompyuta amri za kuwagawanya, aone wanavyoongezeka, kisha aje maabara kuwahesabu wa kweli na kuniambia kwa nini hesabu zake hazikulingana na walio hai.

Mkuu wa idara alinijia juu. Alisema aliniajiri kufundisha viumbe hai, na kama nimewachoka niende ng'ambo ya ua kwa watu wa mashine. Walimu wenzangu walinipita kwenye korido wakiniuliza leo nimewalisha nini wale panya wangu wa plastiki wa kompyuta. Mwishowe mkuu alikubali shingo upande, akasema matokeo yakianguka nitaubeba mzigo huo mwenyewe. Nikasema nitaubeba. Unanijua nikishashupaa.

Mwanzo ulikuwa vichekesho. Kundi moja lilisahau kuwawekea bakteria wao kikomo cha chakula. Kipindi kilipofika mwisho, bakteria wale walikuwa wazito kuliko dunia yenyewe. Kundi jingine lilipata sungura hasi saba, na kijana mmoja akasimama kuwatetea, akasema hao ni sungura ambao bado hawajazaliwa. Lakini wapo waliolia, na mimi sikuwacheka. Walikuwa wamekimbilia biolojia ili wazikwepe hesabu, na sasa hesabu zilikuwa zimewafuata mpaka kwenye meza ya maabara. Nilikaa nao mmoja mmoja. Nilichowarudia siku zote ni kwamba kompyuta haina akili wala kinyongo, inafanya ulichoiambia, na jibu likiwa la ajabu, kosa ni letu, tulitafute. Nilikuwa na tabia ya kuficha makosa katika namba ninazowapa ili nione nani atayagundua. Walizoea mitego yangu. Kumbuka hilo, maana litanirudia.

Kuna binti mmoja darasani wenzake wanamwita Bi Kwanini. Si kwamba ni hodari kuliko wote. Hesabu zinamtoa jasho mpaka leo. Lakini hawezi kupita juu ya kitu asichokielewa. Wenzake wanaguna akiinua mkono, kwa kuwa wanajua hawatatoka mapema.

Mimi nami wamenipa jina. Wananiita Mwalimu Samahani. Maabara yetu ni chumba kirefu, meza tatu za mbao zilizochubuka kwa dawa, viti vidogo visivyo na mgongo ambavyo wanafunzi huviacha popote, makabati ambayo milango yake haifungi sawasawa. Nikitembea kati ya meza lazima nigonge kitu, na nikigonga naomba radhi kabla sijatazama nimegonga nini. Nimeiomba radhi ndoo. Nimeuomba radhi mlango wa kabati, tena kwa upole. Siku moja nilikiomba radhi kile kiunzi cha mifupa kinachoning'inia kwenye kona, nikakiuliza kama nimekiumiza, na darasa zima likavunjika mbavu. Nilicheka nao. Nilijihesabu kuwa mtu wa haraka, basi.

Mwezi uliopita tulifika kwenye somo la jicho. Nilitaka wapime kitu cha mwili wao wenyewe, si cha kwenye kitabu. Tulikata kadi ngumu kwa umbo la nusu duara, tukaichorea nyuzi za pembe kama kipima pembe kikubwa: sifuri mbele kabisa, tisini pembeni kwenye sikio. Anayepimwa anaiweka kadi chini ya macho, anaziba jicho moja, anakazia jingine kwenye alama ya mbele bila kulihamisha. Mwenzake anakileta kifuniko chekundu cha kalamu kutoka pembeni, polepole, akifuata ukingo wa kadi. Ukikiona tu, unasema, na namba ya hapo inaandikwa. Kazi ya programu ni kuzikusanya namba za darasa zima, kupiga wastani, na kuchora picha ya upana wa macho ya binadamu.

Tatizo la kipimo hiki nililiona mapema, ingawa hatukuwa tumewahi kukifanya. Siku zote kuna wanaosoma kipima pembe kinyume; hapa wangeanzia upande wa sikio, na badala ya themanini na tano waandike tano. Kwa hiyo niliwafundisha kuiandikia programu amri moja ya kuzisafisha namba: yoyote iliyo chini ya thelathini itupwe, kwa kuwa mtu mwenye macho yake hawezi kuona kidogo namna hiyo. Niliiandika amri hiyo ubaoni kwa mkono wangu, nikaipigia mstari. Niliwaambia namba isiyowezekana ikiachwa ndani inaharibu wastani wa wote.

Darasa letu lina utaratibu: anayeomba kipimo kwa watu anatoa chake kwanza. Kama ni mapigo ya moyo, ninaanza mimi. Kama ni kupanda ngazi, ninaanza mimi na kuhema mbele yao. Basi nilikaa kwenye kiti nikaziba jicho. Aliyenipima ni Bi Kwanini. Nilisubiri kifuniko kije, nikaona anakawia, nikamwambia aanze, akanijibu ameshaanza. Kilipotokea nikasema nimekiona. Aliandika. Tukarudia jicho la pili. Nilisikia kicheko kidogo nyuma, nikadhani ni cha mambo yao ya ujana. Kumbe walidhani nawatega. Walidhani Mwalimu Samahani amejifanya haoni ili awapime kama watathubutu kumwambia.

Siku ya pili programu zote zilifanya kazi, picha zikachorwa vizuri, nikafurahi. Mwishoni, kompyuta ilikuwa imeandika kwamba mtu mmoja ametupwa. Bi Kwanini akainua mkono. Aliuliza ni kwa nini tumemtupa mtu kabla ya kumuuliza. Nikamwambia ni kadi iliyosomwa kinyume, kumi na mbili ilikuwa sabini na nane, jambo la kawaida. Akasema kadi ile aliisoma yeye aliponipima mimi, na za wenzake tisa alizisoma yeye vilevile, na hizo hazikuwa kinyume. Kijana wa sungura hasi akapendekeza tuibadilishe iwe sabini na nane, tuondoke tukale. Nilikuwa karibu kukubali. Kisha nikaona hili ni funzo zuri, tutafute kosa pamoja. Tukaisoma programu amri kwa amri. Tukaikagua kadi. Tukabadilisha kadi. Nikakaa tena kwenye kiti, akanipima kijana mwingine, ikawa kumi na mbili. Akanipima wa tatu, ikawa kumi na moja.

Bi Kwanini alikuja mpaka karibu yangu, akainama, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, programu haina kosa. Na mimi sikukosea kusoma."

Nikamwambia akae. Nikawapa kazi ya nyumbani. Nilitoka nikagonga mlango kwa bega, na nikasema samahani, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mdogo wangu, nilikwenda kwa daktari wa macho. Nilijipiga moyo konde nikaenda peke yangu, sikumwambia mama. Ni mwanamke wa makamo, ana mikono baridi na hana haraka. Alinitilia dawa, akaniangalia ndani ya macho kwa taa yake. Kisha akaanza kuniuliza maswali ambayo hayakuwa ya macho hata kidogo. Kama napenda kufika nyumbani kabla jua halijazama. Kama nikiingia ukumbini taa zikiwa zimezimwa nasimama mlangoni nikingoja kitu nisichokijua. Kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyekuwa akijigonga ovyo, akipapasa ukuta, akitembea jioni kama mlevi.

Aliposema neno hilo niliomba maji ya kunywa.

Ugonjwa huu, alinieleza, unaanza na giza. Kwanza macho yanashindwa na magharibi, mtu hajui, anadhani balbu ni hafifu. Kisha nuru ya pembeni inakatika kidogo kidogo, miaka na miaka, mpaka unabaki unaiona dunia kupitia tundu. La mbele unaliona sawasawa, unasoma, unaandika, unasahihisha mitihani. Ya pembeni hayapo. Na hayo yasiyopo hayakuonyeshi weusi wala pengo, hayapo tu, kwa hiyo mwenyewe huna habari. Dawa ya kuurudisha mwanga wangu hana. Atanifuatilia, atanifundisha kuishi nao. Ugonjwa wenyewe ni wa kurithi. Katika ukoo kama wetu, unatoka kwa mzazi mmoja, na kila mtoto wa mzazi huyo ana nafasi sawa ya kuupata na ya kuukosa, kama sarafu inavyorushwa. Tulizaliwa wawili. Sarafu yangu imeshaanguka. Yako hatujaitazama.

Hilo ndilo jambo.

Nitakuambia nilichofanya siku hiyo, ingawa ni aibu kwa mtu wa kazi yangu. Nilirudi chuoni mchana, maabara ikiwa tupu. Wanafunzi wangu waliwahi kuandika programu ya kurithi: unaipa wazazi, inakupa watoto. Nikawaweka wazazi wetu. Nikabonyeza ili iniambie kuhusu mtoto wa pili. Ikasema mzima. Nikafurahi kama mjinga, kisha nikabonyeza tena, ikasema mgonjwa. Nikabonyeza tena. Nilikaa pale nikibonyeza, nikitafuta mahali pazuri pa kuacha, mimi ambaye ningempigia kelele mwanafunzi anayerudia jaribio mpaka apate jibu analolitaka. Mwisho nikaizima. Kompyuta inaweza kuniambia habari za familia elfu kumi kama yetu. Wewe haikujui.

Sasa nije kwa baba.

Najua hupendi aguswe. Siku ya mazishi ulikataa kushika udongo, ulikuwa na miaka kumi na minne, na mtoto wako wa kwanza hukumpa jina lake. Sikukulaumu hata mara moja. Sote tuliamini hivyohivyo: kwamba baba alituapia kuacha pombe, akaacha miezi michache, kisha akarudia kwa siri, na kwamba jioni ile ya kifo chake alitumbukia kwenye mtaro wa mabomba mbele ya mlango wetu kwa sababu alikuwa amelewa. Mtaa mzima ulisema. Wewe ukayajenga maisha yako yote juu ya neno hilo, ukawa Maji.

Lakini hebu mfikirie upya, kama unavyomfikiria mtu usiyemjua. Fundi seremala anayefunga karakana mapema kuliko mafundi wote, na watu wanacheka kwamba anawahi kilabuni. Alikuwa anaiwahi njia kabla haijawa giza. Mtu anayebeba tochi jua likiwa bado juu ya paa, na sisi tunamfichia mabetri kwa utani. Mtu anayetembea ameshika ukuta wa jirani. Anayekanyaga sahani tuliyoiweka sakafuni na kupiga kelele nani kaiweka hapa, kwa hasira ambayo tulidhani ni ya pombe. Siku ile alicheleweshwa na mteja aliyetaka mlango wake umalizwe. Mtaro aliujua, mama alimtahadharisha asubuhi. Mchana wachimbaji walikuwa wameurefusha mpaka kwenye kizingiti chetu, na yeye alifika magharibi.

Bado nilikuwa nakisia. Daktari anaweza kusema ugonjwa ulitoka wapi, hawezi kusema mtu alikunywa nini. Kwa hiyo nilimwendea mama. Alikuwa jikoni, ameketi kwenye kiti cha chini, anachambua mboga. Nilimweleza yote, ya macho yangu kwanza. Alilia, akanishika uso, akanipitishia vidole vyake pembeni mwa macho akiuliza hiki unakiona, hiki unakiona. Kisha nikamuuliza kuhusu jioni ile. Aliendelea kuchambua mpaka mboga zikaisha, akawa anachambua mabua. Aliposema, alisema hivi, na amenitaka nikuandikie kwa maneno yake mwenyewe bila kuongeza:

"Mimi ndiye niliyemtoa mle mtaroni. Nilikilaza kichwa chake hapa kwenye paja langu. Hakikuwa na harufu ya pombe. Nilinusa, kwa sababu nilikuwa na hasira, nilitaka kuikuta. Haikuwepo. Lakini watu walikuwa wameshasema, na mimi sikujua ni nini kingine kingeweza kumwangusha mtu mzima mlangoni kwake. Nikajiambia pua yangu imekosea. Mwambie mwanangu baba yake alitimiza kiapo."

Basi, mdogo wangu. Baba alifika nyumbani akiwa na akili zake timamu. Nimelia kwa ajili yake wiki hizi kuliko nilivyolia siku tuliyomzika, na sasa nakuachia nawe ulie ukitaka, hakuna anayekuona.

Mama sikumlaumu, wala wewe usimlaumu. Tangu siku hiyo analala vizuri zaidi, ingawa ameanza kunifuata nikitembea na kusogeza viti.

Sasa turudi kwako. Najua utasema unaona vizuri. Mimi pia nilikuwa naona vizuri. Ulipomleta mama mlifika magharibi, ukakwaruza kioo cha gari kwenye nguzo ya geti, ukasema geti letu ni jembamba. Mezani uliipiga glasi kwa kiwiko, ilikuwa pembeni yako kabisa, na sote tukacheka. Ukamuuliza mama ni nani kaweka balbu hafifu namna hii sebuleni. Ile balbu ilikuwa mpya. Inawezekana hayo yote si kitu. Getini hapo hata mkuu wa idara yangu amewahi kukwaruza. Na tulipokuwa wadogo ulikataa kwenda kuufuata mpira jioni, tukakuita mwoga wa giza. Watoto wengi wanaogopa giza. Kila jambo nikilishika peke yake lina maelezo yake. Nikiyaweka pamoja, nachukua kalamu nikuandikie.

Ninajua ninachokuomba. Bila usukani hujawahi kujua wewe ni nani. Sikudanganyi kwamba ikitokea vibaya kila kitu kitakuwa sawa, maana sijui. Lakini najua basi lina watu waliolala. Wamefunga macho kwa sababu wanayaamini ya kwako.

Fanya hivi. Kata kadi ngumu iwe nusu duara, nimekuchorea kipimo chake nyuma ya karatasi hii, na sifuri nimeiweka mahali ambapo hata wewe huwezi kukosea. Kaa sebuleni mchana. Ziba jicho moja, kazia alama ya mbele. Wifi akilete kifuniko cha kalamu kutoka pembeni, polepole, na asikuambie ameanza. Usimuibie kwa kugeuza jicho. Nakufahamu, ulikuwa unachungulia hata tulipocheza kibe, tukijificha na kutafutana. Rudieni mara tatu kila jicho. Kisha, iwe namba nzuri au mbaya, nenda kwa daktari wa macho, umweleze habari za baba na zangu, maana kadi yetu ni ya darasani na usiku wenyewe haiwezi kuupima. Kabla ya hapo mwambie msimamizi wako unaomba ubaki zamu ya mchana kwa sababu za kiafya, na kama hata mchana utakuwa na wasiwasi, kaa nyumbani. Jumamosi nitakuja, nitakuwa upande wako wa kushoto au wa kulia, popote usipoona.

Darasani nimerudi. Niliwaeleza wanafunzi ukweli, kwa ufupi, nikiwa nimesimama. Kijana wa sungura hasi aliinuka bila kuambiwa akaanza kuvipanga viti chini ya meza, na tangu siku hiyo havipatikani tena njiani. Ile amri ya kutupa namba tumeifuta. Bi Kwanini ameandika nyingine mahali pake: namba ikiwa ndogo, programu inasimama na kuuliza, huyu ni nani, nendeni mkamwangalie. Inachelewesha kazi sana. Nimeiacha.

Nisalimie wifi sana, umwambie nampa kazi na asikuonee huruma. Wabusu watoto, waambie shangazi anakuja na hatapiga mtu. Hao nao tutawafikia kwa wakati wao, tukishakujua wewe. Mama anakusalimu, amekaa hapa kando yangu, upande ambao simwoni, lakini namsikia anavyopumua.

Ukishapimwa, niandikie namba yako kama ilivyo. Usiizungushe, usiipambe, usingoje nyingine iliyo bora. Hata ikiwa kumi na mbili, mdogo wangu, usiitupe.

Ni mimi dada yako anayekupenda,

Mwalimu Samahani